Pete za sili ya pampu: maji, mchanga na moto

Benchi langu la kupimia pete za sili, zile mbili zinazosuguana kwenye mhimili wa pampu ili maji yasivuje, sasa linafanya kazi. Drili imefungwa kwenye ubao na kushika pete inayozunguka. Pete ya pili imekaa kwenye mkono wa chuma, na ncha ya mkono huo inavuta mzani wa kuning'iniza, aina ileile ya kupimia samaki kwenye soko la Mwaloni, Mwanza. Msuguano ukipanda, mshale nao unapanda.

Pete nimezikusanya kwa mafundi pampu wa Nyakato: za kaboni, za karbidi ya silikoni (kauri ngumu ya silikoni na kaboni), na za karbidi iliyochanganywa na grafaiti, ile kaboni laini ya penseli.

Karbidi kwa karbidi, ndani ya maji ya ziwa yaliyochujwa, huanza kwa kukwaruza, kisha mshale unashuka taratibu na kutulia. Nyuso zikisuguana, silikoni ya juu huchukua oksijeni ya maji na kujenga utando mwembamba wa silika, na utando huo ndio unaoteleza. Ni kutu, ila kutu yenye faida. Nikikata maji zinapiga kelele za kutoboa masikio.

Kaboni hubaki tulivu hata ikiwa kavu. Lakini grafaiti huteleza hivyo kwa msaada wa mvuke wa maji ulio hewani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, brashi za kaboni za jenereta za ndege, yaani vipande vinavyopitisha umeme huku vikisuguana na sehemu inayozunguka, zilisagika upesi kule juu sana kwa sababu hewa ni kavu. Hapa ufukweni unyevu tunao wa kumwaga.

Nikatia mchanga. Wa kwetu unatokana na haya majabali ya graniti, umejaa kwatzi yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Karbidi inavuka 9, haikushtuka. Kaboni ilichimbika mifereji.

Mwisho jiko la mkaa lenye feni. Kaboni huanza kuliwa na hewa kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 za Selsiasi hivi, na yangu ilitoka na vishimo, nyepesi mkononi. Karbidi ilitoka nzima, silika yake ikiwa kinga. Kwenye mchanganyiko grafaiti ya juu iliungua ikaacha vitundu, mwili ukabaki. Breki za magari ya kifahari, za nyuzi za kaboni ndani ya karbidi, zina udhaifu huohuo.

Kwa jirani anayemwagilia nyanya nimefunga pete ya mchanganyiko dhidi ya karbidi. Maji yake yana mchanga, na mpira wa kunyonyea huchomoka ziwani, pampu ikazunguka kavu, mwenyewe akiwa amelala kivulini.