Siku injini ya baiskeli ilipokataa kushuka

Tulikuwa tunashuka mteremko mfupi, mimi na baiskeli yangu yenye injini ya viharusi viwili (ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli), nikaachia mkono wa mafuta. Sauti haikushuka, ilipanda. Nikabana klachi, ikapanda zaidi. Swichi ya kuzimia ndiyo iliyoiokoa. Pasipo swichi, dawa ni kushika breki zote mbili kisha kuachia klachi taratibu mpaka injini ijifie yenyewe.

Jamaa aliyekuwa akitazama akasema, "Kaka, ongeza oili, itatulia." Ushauri huu unapendwa sana, na hapo ungeharibu zaidi. Oili inachukua nafasi ya petroli kwenye tangi, kwa hiyo ukiizidisha, petroli inayofika kwenye silinda inapungua na hewa inabaki ileile; na shida yangu, kama nilivyogundua baadaye, ilikuwa hiyohiyo: hewa kuzidi petroli. Mchanganyiko wangu ulikuwa sawa: 1 kwa 25, yaani mililita 200 za oili kwenye lita 5 za petroli. Injini mpya ndiyo hupewa 1 kwa 16 hadi izoee.

Nilianza na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nikafungua kifuniko cha juu, nikavuta slaidi (kizibo kinachopandishwa na mkono wa mafuta) na sindano yake. Ilipanda na kushuka bila kukwama, na upande wake uliokatwa ulikuwa umeelekea chujio la hewa, mahali pake. Waya wa mafuta nao haukuwa umevutika. Nikang'oa plagi: ncha nyeupe kama chokaa. Plagi nyeupe pamoja na injini inayopaa maana yake ni hewa ya wizi, inayoingia baada ya kabureta bila kupimiwa petroli. Ukiendelea kuendesha hivyo, pistoni inapata joto, inavimba, na injini inanoki, yaani inakwama.

Niliisubiri ipoe kabisa, nikaiwasha tena, nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogokidogo kwenye viungo, mbali na eksozi na waya wa plagi. Pale kabureta inapoungana na bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, sauti haikubadilika. Nilipofika bomba linapokutana na silinda, injini ikabadili mlio papo hapo. Mwizi kapatikana.

Nati mbili za stadi (bolti zisizo na kichwa) za milimita 6 zinazolishika bomba zilikuwa zimelegea, ila kuzikaza tu kusingetosha. Uso wa bomba ulikuwa umepinda. Nilipouweka juu ya kioo, mwanga ulipita chini ya pembe moja. Nikalaza msasa namba 220 juu ya kioo hichohicho, nikasugua uso ule kwa mizunguko ya namba nane, nikamalizia na 400 hadi chuma kikang'aa kote, si katikati tu. Gasketi mpya, ya kuziba kiungo hicho, niliikata kwenye karatasi ya gasketi, tundu likiwa sawasawa na la silinda, kwani karatasi inayochungulia ndani huziba njia. Silikoni ya kawaida sikuigusa: petroli huivimbisha, ikabanduka na kumezwa na injini.

Kukaza ndiko kunakovunja watu moyo. Nilizungusha nati hizo kwa zamu, robo mzunguko kila upande, kwa spana fupi. Stadi hizo ni laini, na zikikatikia ndani ya silinda, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima.

Nikaijaribu kwenye barabara tambarare: mafuta hadi mwisho kwa muda mfupi, nikazima kwa swichi huku nimebana klachi, nikang'oa plagi palepale. Rangi ilikuwa ya kahawia. Kama ingebaki nyeupe, ningeweka jeti kuu, kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta, iliyo kubwa kidogo ili petroli iongezeke. Haikuhitajika.

Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, nilirudi na spana ileile kwenye nati zile, maana gasketi mpya hujikandamiza ikishapata joto. Zote mbili zilikubali karibu robo mzunguko tena.