Nilivyojiunga na watazama nyota wa Dar bila darubini wala fizikia

Shemeji yangu aliposikia kwamba Jumamosi nakesha ufukweni Kigamboni kuangalia nyota, aliuliza kama ni yangu ninayokwenda kusafishiwa. Tulicheka sote, ila simlaumu. Kwetu ukitaja nyota watu wanawaza falaki, na ukitaja darubini wanawaza profesa. Mimi ni mhasibu, na fizikia niliachana nayo kidato cha pili.

Klabu niliifahamu kupitia shule ya mwanangu. Siku ya sayansi walikuja watu watatu na darubini iliyofungwa chujio la jua, watoto wakapanga foleni kutazama madoa ya jua, na wazazi nasi tukajipenyeza kwenye foleni hiyohiyo. Nilipouliza fomu ya kujiunga inapatikana wapi, dada mmoja aliniambia, "Fomu hatuna, nipe namba nikuingize kwenye grupu." Kiingilio hakuna. Watu wanachangia nauli na chai, basi.

Kujiunga kulikuwa rahisi kiasi hicho. Kazi ilikuwa kuhudhuria, kwa sababu nyota hazionekani saa za kazi. Mikutano inaanza saa moja na nusu jioni na kuisha saa sita usiku, wakati mwingine saa nane, na mama wa watoto wawili anayesubiri bajaji Kigamboni saa nane za usiku hilo halipo. Niliwaambia waandaaji wazi kwamba nitakuja tu kama najua nitarudije. Kumbe wanawake wengine walikuwa na shida hiyohiyo na hakuna aliyeisema. Sasa tunakodi Noah, dereva ni yuleyule, na kila mtu anashushwa mlangoni kwake. Mume wangu alikuja mara ya kwanza kunilinda. Siku hizi ananikumbusha tarehe, ingawa nashuku kinachomvuta ni pweza wa kuchoma kuliko sayari ya Mshtarii.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa mikoani wanaotaka kuanzisha klabu wasilipuuze: mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapewa taarifa kabla. Kundi la watu gizani, tochi nyekundu na bomba refu limeelekezwa juu, mlinzi yeyote mwenye akili timamu atapiga simu. Tukishatoa taarifa, walinzi wenyewe ndio wanakuja kuomba zamu ya kuchungulia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la darubini: ninunue ipi? Jibu langu ni usinunue. Mwenzangu ofisini alinunua moja dukani, boksi limeandikwa inakuza mara 525, ina miguu mitatu myembamba inayotetemeka ukipumua. Wazee wa klabu walimweleza hesabu ambayo hata mimi niliielewa: ukuzaji wenye faida haupiti sana mara mbili ya kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Kioo cha milimita 60 kikikuza zaidi ya mara 120 hivi kinakupa ukungu mkubwa tu. Anzia kwa macho, kisha binokula ya kawaida, ile wanayoandika 7x50 au 10x50, yaani inakuza mara 7 au 10 na vioo vyake vya mbele ni milimita 50. Darubini utatumia ya klabu. Yetu kubwa ni ya Dobson, kioo chake milimita 200, inakaa juu ya kibao kinachozunguka na haina mota wala umeme. Unaisukuma kwa mkono. Adui yake mkubwa ni unyevu wa Dar. Lenzi zikiachwa kwenye begi bila vile vipakiti vya kunyonya maji, zinaota kuvu, kwa hiyo nyumba inayoitunza imechaguliwa kwa ukavu wake, cheo hakikuangaliwa.

Kutazama nako kunafundishwa. Unafika, unazima simu, unakaa gizani karibu nusu saa hadi macho yazoee. Mtu akiwasha taa ya gari mnaanza upya, na hapo ndipo nimesikia matusi ya watu wazima na heshima zao. Tochi zetu zimefungwa karatasi nyekundu kwa sababu mwanga mwekundu hausumbui macho sana. Nilidhani mwezi mpevu ndio usiku wa sherehe, na wageni karibu wote hudhani hivyo. Mwezi mpevu unameza nyota, na wenyewe unaonekana bapa. Uzuri wake uko ukiwa nusu, pale kwenye mpaka wa mwanga na giza, ambapo kivuli cha kila mlima na kila shimo kinarefuka.

Mara ya kwanza kutafuta mwenyewe Zohali, ile sayari yenye pete, nilishika lenzi kwa nguvu, picha ikaruka yote. "Usiishike dada, weka jicho tu, mikono nyuma." Nikaweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Kikaingia kidoa cha manjano, kikacheza kidogo, halafu kikatulia, na kabla sijamaliza kusema nimekiona kikaanza kutambaa kuelekea ukingoni hadi kikapotea. Nikadhani nimeigonga. Wapi! Ni dunia yetu inayozunguka, na kwa ukuzaji ule kitu hakikai machoni zaidi ya dakika moja au mbili. Unasukuma bomba kidogo, unakipata, kinakukimbia tena. Hilo nililisoma shuleni, lakini pale nilikuwa nalisukuma kwa kidole.

Tulipo ni pazuri kuliko tunavyojua. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiachia, saa tatu usiku unatazama kusini unaona Msalaba wa Kusini umesimama, kisha unageuka kaskazini unalikuta kundi la nyota la Dubu Mkubwa. Mtu wa London Msalaba haoni kabisa. Sisi tunachokosa ni Nyota ya Kaskazini, iko chini ya upeo wetu. Na mvuvi mmoja tuliyempa binokula atazame Kilimia, kile kishada cha nyota, aliwahi kutupa somo bila kuombwa: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Akaturudishia binokula yetu akaenda zake.

Usiku nilioona kweli nimekuwa mwanachama ni ule wa kupatwa kwa mwezi, Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi uliingia wote kivulini saa mbili na nusu usiku ukakaa humo dakika 82. Wenzetu Waislamu walikwenda msikitini kwenye sala ya kupatwa, wakarudi ukiwa bado mwekundu. Chini yake upande wa mashariki ilikuwepo Zohali, pete zake mwaka ule zimetuelekezea ubavu, nyembamba kama sindano. Watu wa pale ufukweni walijaa. Mama mmoja aliniuliza mimi, maana nilikuwa karibu na darubini, kwa nini usizimike kabisa kama umefunikwa na kivuli cha dunia. Nikamweleza kwamba mwanga wa jua unapenya pembezoni kwenye hewa yetu, unapinda, na unaofika mwezini ni ule mwekundu. Nilijibu kabla ya kufikiri kama najua.

Wakongwe wa klabu hadi leo hawaishi kusimulia tarehe 1 Septemba 2016, walipokwenda Rujewa, Mbeya, kuona kupatwa kwa jua, mwezi umelifunika katikati likabaki pete. Mimi sikuwepo, na nimechoka kuisikia. Kwa hiyo macho yangu yako tarehe 2 Agosti 2027, jua litakapopatwa. Dar tutaona jua limemegwa tu, lakini Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita. Baadhi yetu tumeamua kwenda, na tumeanza kuchanga kila mwezi. Kikao kilichojadili mchango kilidumu chini ya robo saa, kwa sababu mtu aliuliza nani humu anajua hesabu za fedha, na vichwa vyote vikanigeukia. Daftari ninalo mimi, na tayari wawili wana deni.