Mteja msumbufu wa Inchanga

Mimi kazi yangu kusuka. Nasuka Durban tangu 2013, mtu wa Tanga, nilikuja huku kumtembelea dada yangu miezi mitatu nikabaki, mambo yenyewe si mnayajua. Wateja wangu wa mwanzo walicheka sana niliposema kwetu kuna msuko unaitwa yeboyebo, mana huku yebo ni ndiyo, wakaona kama naitikia tu mara mbili mbili. Kichwa cha rasta ndogo ndogo kabisa kinanisimamisha masaa tisa, kumi, nimeshasuka mmoja mpaka kumi na moja. Hilo liwekeni hapo, ntalirudia.

Siku ninayoikumbuka ni Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, siku niliyokimbia Comrades. Kwa asiyezijua ni mbio za barabarani kati ya Durban na Pietermaritzburg, zipo tangu 1921, mwaka mmoja mnapanda mwaka unaofuata mnashuka, na mwaka ule ilikuwa zamu ya kupanda, toka Durban, kama kilomita 87 hivi. Mwaka ule tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa kumi na moja na nusu jioni walikuwa wanafunga, hata kama umebakiza hatua tatu. Mtu kama mimi, mweusi halafu mwanamke, waliruhusu rasmi mwaka 1975 tu, mama yangu alikuwa keshazaliwa.

Ila siwezi kusimulia Juni bila Aprili. Aprili tulienda kukimbia kilomita 60 za mazoezi, kundi zima, na kwenye ya 48 mimi nikakaa pembeni ya barabara nikalia kama mtoto kanyang'anywa andazi. Gari la mwenzetu mmoja likaja nikapanda. Nyumbani nikakaa na miguu kwenye beseni na kilichokuwa kinaniuma wala sio ile miguu, ni kwamba nilipopanda lile gari nilikuwa bado naweza kutembea na nilijua kabisa naweza.

Pale nje ya saluni kuna baba mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, analinda magari ya watu kwenye maegesho. Sote tunamwita Papa. Alikuwa keshakimbia Comrades mara nne. Jumatatu akanikuta nimenuna.

"Dada, ulichoka kweli ao uliogopa?"

Nikamwambia vyote viwili Papa.

"Apana. Kimoja njo kilitangulia. Ulipoingia mu motokari, gani ilikuwa mbele?"

Nikanyamaza. Akaniambia basi Jumamosi ukitoka kazini ukimbie, usiku uleule. Nikamwambia Papa Jumamosi nasimama tangu asubuhi, miguu inakuwa kama magogo, ntakimbiaje? Akacheka, "Njo vile."

Basi ikawa ndo mtindo wetu. Jumamosi natoka saluni usiku, tunakwenda ufukweni mimi na yeye, toka uShaka mpaka Blue Lagoon tunarudi, mdogo mdogo, na kesho yake asubuhi naingia tena barabarani masaa matatu na miguu ileile. Mi nilidhani ananipa pumzi kumbe alikuwa ananikutanisha na mtu. Mana kila Jumamosi, tukifika kama nusu saa, kinaanza kitu kichwani, na kinakuja kwa mpangilio uleule haukosei. Kwanza goti la kulia. Goti likipita, tumbo. Tumbo likitulia, linakuja lile swali, hivi wewe mwanamke unamtafuta nani huku usiku, umetumwa? Likishapita swali kimya. Naweza kukimbia saa zima bila kuwaza chochote.

Baada ya wiki nne nikamtambua. Ni yule mteja msumbufu, kila msusi anae wa kwake. Anafika kachelewa, anasema unanivuta, anasema bei kubwa kwa fulani ni nafuu, anasema ntanyanyuka niende, na wewe ukiendelea tu na mkono wako bila kubishana nae, saa ya tatu unamuona kichwa kinaanza kuinama, kalala kwenye kiti na mate yanamtoka. Hajawahi kunyanyuka hata mmoja.

Haya, Juni. Tumesongamana pale City Hall giza na baridi, ikaimbwa Shosholoza watu wazima wanalia, halafu likawika jogoo kwenye spika, ambalo kumbe ni mtu, kuna mzee aliwika kwa mdomo wake 1948 ikawa desturi mpaka leo inapigwa rekodi. Kitu ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni vibao. Comrades hawakuandikii ulizokimbia, wanakuandikia zilizobaki! Unatoka hata jasho hujapata unakutana na kibao kinakwambia 86. Aisee.

Vilima vikaanza, Cowies nikapanda, Fields nikapanda kwa kutembea zaidi ya kukimbia, Botha's sikumbuki hata. Kwetu Tanga mlima ni habari za Lushoto, mjini kwenyewe ni tambarare ya baiskeli, kwa hiyo kila mwinuko mi nautembea bila aibu. Tukapita lile tundu kwenye ukuta wanaloita kiti cha Arthur, wa Arthur Newton alieshinda mara tano zamani zile, unaacha ua na kumpa salamu ya asubuhi, nami nikampa. Kufika kijiji cha Drummond ikawa nusu.

Ukitoka Drummond tu kinakuja kilima cha Inchanga. Na katikati ya Inchanga, jua limeshakuwa kali, nikakutana na kibao 42. Yani nimetembea na kukimbia tangu alfajiri na mbele yangu imebaki marathoni nzima. Mkono wa kulia nina kifuko cha maji, huku wanagawa maji kwenye vifuko vya plastiki unang'ata kona unafyonza, mkono wa kushoto kiazi cha kuchemsha kimebingirishwa kwenye chumvi, na nikashindwa kukumbuka nilitaka kufanya nini na vyote viwili. Kiazi nikatia mfukoni. Pembeni limesimama basi la kuokota walioacha, mlango wazi, ndani watu wamejifunika blanketi. Dereva akaniangalia. Hakusema kitu ila aliniangalia kama konda wa Tanga-Lushoto.

Na goti la kulia likaanza hapohapo.

Sijui kwa nini nilicheka. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "karibu dada, kaa hapo," mzungu aliekuwa pembeni yangu akasogea kidogo. Nikalipita basi. Baadae likaja tumbo, nikalikaribisha. Likaja swali la umetumwa. Nikasubiri alale.

Hakulala. Ufukweni alikuwa analala baada ya nusu saa, siku ile ikapita saa nzima bado ananiambia nanyanyuka naenda, nikaanza kuogopa kweli kwamba huyu labda sio yule. Nikaacha kusoma vibao. Kichwa cha rasta ndogo ukikitazama chote unaacha kazi, unatazama mstari ulioshika. Nguzo moja ya umeme nakimbia, mbili natembea. Nguzo moja, mbili. Watu wa pembeni wanachoma nyama wananiita mama, njoo, njoo, na mi nahesabu nguzo tu. Somewhere sijui ni wapi, nadhani karibu na Cato Ridge, nikashtuka kwamba kuna kimya. Kalala.

Polly Shortts, kilima kikubwa cha mwisho, nimekipanda chote kwa kutembea, na juu pale likanikuta basi jingine, hili la watu, kundi la wanaofukuzia masaa kumi na mbili, mbele yao kiongozi kashika bendera anawahesabia hatua nao wanaitikia. Nikajichomeka katikati. Uwanja wa farasi wa Scottsville nimeingia na wale, saa yangu inasoma masaa 11 na dakika 51 tangu tuanze.

Nimevalishwa medali nimekaa kwenye majani, mzee anayepiga bunduki ya kufunga akawapa mgongo wakimbiaji, wanafanya hivyo ili asione anamfungia nani. Ikalia. Nikaanza kuangaza macho Papa yuko wapi, nilijua alimaliza zamani, yeye mtu wa masaa kumi. Nimemuona baada ya kama robo saa, anakuja anatembea pembeni ya uzio, hana medali, shati limelowa, tumbo lilimharibikia tangu Camperdown.

"Sikuingia mu motokari, dada," akasema, akakaa. Halafu akauliza kama nina kitu cha kula.

Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kile kiazi cha Inchanga, kimepondeka kimekuwa kama chapati, chumvi yake na jasho langu. Akakila chote.