Miguu, miguu

Tangu Jumatatu kuna neno limenikaa kooni, na si la mtu mwingine. Ni langu mwenyewe.

Mnaonisoma tangu mwanzo wa mwaka mnajua nilivyoihangaikia hii kampeni ya usafiri wa kwenda kazini: bosi alivyoikataa mara ya kwanza, nilivyosimama getini asubuhi tatu mfululizo nikihesabu magari yanayoingia na mtu mmoja mmoja ndani, na Baba Watoto alivyokesha nami kutengeneza jedwali. Hatimaye imekubaliwa, miezi miwili ya majaribio. Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa kwenye korido nabandika fomu kwenye ubao wa matangazo. Fomu ina safu nne: jina, umbali kutoka nyumbani, ulikuwa unakuja kwa usafiri gani, sasa unakuja kwa usafiri gani. Chini yake nimeandika kwamba atakayefanya vizuri atapata nusu siku ya mapumziko.

Mama wa usafi alikuwa anapiga deki palepale. Akaegemea mpini wa dekio, akaisoma polepole.

"Hii ya nini, mwanangu?"

"Ya kuwahamasisha watu waache magari nyumbani, mama. Anayeweza atembee, mwingine apande baiskeli, wanaokaa jirani wapeane lifti."

"Jambo zuri. Sasa sisi tunaotembea siku zote tunaandika wapi?"

Nami, gundi mkononi, bila hata kugeuka: "Hii ni ya wanaobadilika, mama."

"Aa. Haya."

Akachovya dekio kwenye ndoo, akaendelea na kazi.

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakununa. Angeninunia ningemfuata, tungeyamaliza. Lakini ile "haya" yake ilikuwa ya mtu aliyeuliza akijua jibu. Wiki imepita na mengi, dada kajifungua Jumanne, wa kiume, wakaguzi wa hesabu wamehamia ofisini kwetu na mafaili yao, lakini mimi kila nikiweka kichwa kwenye mto narudi kwenye ile korido. Hii ni ya wanaobadilika. Nimeijaribu kwa sauti nyingine, nimejaribu kujifanya nimegeuka nikamtazama usoni. Inabaki vilevile.

Nilijitetea kwa hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Na kwa kila kilomita, safari fupi ndizo zenye hasara zaidi, maana injini ikiwa baridi inakula mafuta mengi, na kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate moto. Kwa hiyo anayekaa kilomita tatu akiacha gari, amepunguza kitu kinachohesabika. Mama wa usafi hapunguzi chochote kwenye jedwali langu. Mstari wake ungesoma sifuri. Hesabu hiyo haina kosa, nimeirudia mara mbili, na bado haikunipa usingizi.

Jumatano nikasimama mbele ya wafanyakazi kuzungumzia upande wa afya. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Niliwaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za kumtoa jasho kiasi, na kwamba dakika hizo anaweza kuzipata njiani tu, bila kutafuta muda mwingine. Nikagusia utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2017, wa watu zaidi ya 260,000, ulioonyesha kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa mapema. Kisha nikaingia kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, cha daktari Jerry Morris na mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 yeye na wenzake walitoa matokeo yao: madereva waliokaa kwenye usukani siku nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta. Mwajiri mmoja, basi moja, mitaa ileile. Tofauti kubwa waliyoiona ni kwamba kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi.

Nilipofika kwenye zile ngazi ulimi ukawa mzito. Kwani makondakta wale walikuwa wamebadilika? Hakuna aliyekuwa amewahamasisha kupanda ngazi. Walipanda kwa sababu kazi iliwataka wapande, na mioyo yao ikafaidika vilevile. Na mimi ndio hao niliokuwa nawasifia mbele ya watu thelathini, huku mama wa usafi kapita nyuma ya viti akikusanya vikombe.

Nilimalizia haraka. Watu wakapiga makofi, majina yakafika kumi na tisa, na sikuona raha.

Alhamisi niliomba ruhusa ya kutoka saa tisa, muda anaotoka yeye, nikamwambia, "Mama, leo natembea na wewe mpaka kwako." Akacheka. "Utachoka." Nilichoka kweli. Ana mwendo ule wa mtu anayejua safari ni ndefu, haukimbii wala haupungui, na kila nikitaka kuongea pumzi inakata. Dakika arobaini na tano. Nilipiga hesabu njiani: kwenda na kurudi, siku sita, ni dakika 540 kwa wiki. Katika hao kumi na tisa hakuna anayefikisha hata nusu yake.

Tulipofika kwenye kona kubwa, pale ambapo njia ya waenda kwa miguu inaishia tu, akahamishia mkoba bega la ndani na kunivuta mkono nikae upande wa mtaro. "Hapa alfajiri ni giza," akasema. "Gari nalisikia kabla sijaliona. Nikilisikia nashuka humu mtaroni, nasubiri lipite, napanda tena."

"Kila siku?"

"Si saa kumi na mbili natakiwa niwe nimefungua mlango?"

Nikamuuliza kama anapenda kutembea. Nakiri nilikuwa nataka jibu fulani. Akanitazama kwa mshangao. "Nani kakwambia napenda? Nikipata nauli ya kila siku naacha kesho." Tukaenda hatua nyingi kimya, kisha akaongeza, kama anayejisahihisha: "Jioni labda. Jioni kichwa kinatulia."

Hapo ndipo nilipoliona shimo lililo kwenye jedwali langu. Nimemweka mama huyu kwenye fungu la watu watakaotembea milele, kama vile miguu yake ni ya ofisi. Kumbe yeye ndiye wa kwanza kuondoka siku mambo yakimnyookea, na hakuna haki yoyote ya kumlaumu kwa barabara ile. Tunawabembeleza wenye magari wajaribu njia ambayo hatujawahi kumuuliza anayeipita kila siku ikoje. Maswali yangu yote ya mwanzo wa mwaka, watu wataoga wapi, wataweka wapi nguo, wataogopa nini, yeye alikuwa na majibu yake. Kumbe huwa anaosha miguu kwa kopo la maji kwenye kile chumba cha mafagio, anavua raba, anavaa ndala, na soksi anazianika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimeingia chumba kile mara ngapi kuchukua sabuni? Na soksi nilikuwa naziona.

Ijumaa asubuhi niliingia kwa bosi na mambo mawili tu. La kwanza, mama aingie saa moja kasoro robo badala ya saa kumi na mbili, na kutoka kwake kusogee hivyohivyo, apite ile kona kukiwa na mwanga. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. La pili lilikuwa bafu la ghorofa ya chini, lililojaa makasha ya faili tangu sijaajiriwa. Tumelitoa kasha moja moja, mimi, kijana wa stoo na dada wa mapokezi aliyevua viatu vyake virefu akaviweka juu ya kabati. Bomba tulipolifungua lilikohoa kwanza, yakatoka maji mekundu ya kutu, yakawa ya chai, kisha yakatakata. Jamani, nilifurahi! Nilisimama pale na mikono yenye vumbi, nikayaacha yamwagike kidogo zaidi ya inavyostahili.

Kwenye fomu nimefuta ule mstari wa nusu siku ya mapumziko, nitafikiria upya atakayestahili. Jioni nikampelekea mama kalamu. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akaniuliza umbali, tukakadiria kilomita nne. Safu ya tatu akaandika "miguu". Safu ya nne, "miguu".

Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa lile jibu la Jumatatu."

"Lipi hilo?"

Sijui kama amesahau au ananisitiri. Nimelitazama lile swali lake tangu jana kila upande.

Dada kaandika sasa hivi, saa tano hii ya usiku. Anasema mtoto ananyonya kidogo tu kisha analala, na macho yake anayaona kama yana rangi ya manjano. Nimemwambia asisubiri kesho, amwamshe shemeji waende hospitali usiku huu. Nimepiga mara mbili, simu inaita tu.