Nilivyomzoesha Mbwa Wangu Samaki Mbichi

Mbwa wangu Simba, chotara wa mbwa wa kienyeji na mbwa wa kizungu, alikuwa na umri wa miaka minne na uzito wa kilo 24 nilipoanza kumpa samaki mbichi. Mpaka wakati huo alikuwa akila kile ambacho mbwa wengi wa Mwanza hula: ugali wa dona uliosongwa pamoja na dagaa wakavu, au mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Alikuwa akishiba, lakini kiangazi kile manyoya yake yalipauka, ngozi ya mgongoni ikawa inatoa unga mweupe kama mba, na usiku nilimsikia akijisugua ukutani nje ya dirisha langu.

Daktari wa mifugo niliyempelekea alikwangua ngozi kidogo ili kutafuta utitiri, akapekua manyoya kutafuta viroboto, na hakuona kitu. Alichouliza kwa kina ni chakula. Alinieleza kwamba dagaa wakishaanikwa juani na kukaa kwenye gunia kwa miezi, protini yao hubaki, ila mafuta yao, hasa yale yanayoitwa omega-3 ambayo ngozi na manyoya huyahitaji, huharibika. Nikamwambia kwa furaha kwamba dawa ninayo mlangoni, kwa kuwa naishi Kirumba, mwendo mfupi kutoka soko la Mwaloni, na ninaweza kumletea Simba samaki ambaye saa chache zilizopita alikuwa akiogelea. Daktari hakufurahi kama nilivyotarajia. "Ndugu yangu," aliniambia, "samaki kuwa mpya ni jambo moja, na samaki kuwa salama akiwa mbichi ni jambo lingine. Mnyoo aliye ndani ya samaki mpya naye ni mzima."

Maneno hayo niliyaona kwa macho yangu wiki hiyohiyo. Nilinunua dagaa wabichi kisado kimoja, nikawamwaga kwenye sinia, na mmoja wao alikuwa na tumbo lililovimba kuliko wenzake. Nilipolipasua kwa ukucha, ukatoka mnyoo mweupe, bapa kama utepe, uliokuwa umejikunja mara kadhaa na ambao nilipounyoosha ulikaribia urefu wa dagaa mwenyewe. Baadaye daktari alinifahamisha kwamba mnyoo huo hukomaa ndani ya ndege walao samaki, wala si ndani ya mbwa, hivyo haukuwa tishio kwa Simba. Hata hivyo, ulinifundisha kwamba jicho linaona mnyoo mmoja mkubwa na kuacha mabuu madogo yaliyojificha katikati ya nyama, na kwamba miongoni mwa minyoo ya samaki wako tegu ambao mbwa, na hata binadamu, huweza kuwapata kwa kula samaki asiyepikwa.

Kinga dhidi ya minyoo hiyo, kwa mtu asiyetaka kupika, ni baridi kali. Kipimo kinachotumiwa hata kwa samaki wanaoliwa wabichi na watu ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa siku saba. Nilinunua kipimajoto kidogo na kukiweka ndani ya friza yetu, nikagundua kwamba kwa kuwa hufunguliwa mara nyingi mchana, joto hupanda mpaka nyuzi 14 chini ya sifuri na kushuka tena usiku. Kwa sababu hiyo nilihamishia samaki wa Simba chini kabisa, nikaongeza baridi ya friza mpaka kipimajoto kikasoma nyuzi 20 chini ya sifuri hata mchana, na badala ya siku saba nikaamua kusubiri siku 14. Kila mfuko nauandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na samaki wakalainika, siwagandishi tena, bali nawapika siku hiyohiyo.

Suala la aina ya samaki ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na naona ndilo ambalo wengi wetu wa kanda ya ziwa hulipuuza. Dagaa wa ziwani huhesabiwa katika jamii moja na samaki aitwaye kapu, na samaki wengi wa jamii hiyo wana kimeng'enya, yaani kemikali ya asili mwilini mwao, kinachovunja vitamini B1. Mbwa akilishwa samaki wa namna hiyo wakiwa wabichi, kila siku na kwa muda mrefu, anaweza kupungukiwa na vitamini hiyo, akakosa hamu ya kula, akayumba anapotembea na hata kupata degedege. Kugandisha hakuondoi kimeng'enya hicho. Moto ndio unaokiondoa. Kwa hiyo uamuzi wangu ulikuwa rahisi: dagaa, na vilevile ningu ambaye ni wa jamii hiyohiyo, Simba huwala wakiwa wamepikwa, na nikabakiza sato na sangara kwa ajili ya kuliwa wabichi. Kambare sikumtaka kwa sababu ya miiba yake migumu ya pembeni, na kichwa cha sangara nilikiacha baada ya kukuta ndoano yenye kutu ikiwa imezama nyuma ya taya la kichwa kimoja nilichonunua. Ndoano ile ingemezwa, nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Sato nao si wa kumtupia mbwa hivihivi. Anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa kuanzia sentimita 25, na kwa ukubwa huo pezi la mgongoni limeshakuwa safu ya miiba inayochoma kidole hata ukiwa mwangalifu. Mimi humpara magamba, nikamtoa matumbo na mashavu, kisha nikakata mapezi yote kwa mkasi mzito nikianzia mkiani kuelekea kichwani, kwa maana ukianzia kichwani miiba hulala na mkasi huteleza. Mfupa wa katikati naupondaponda kwa nyundo juu ya kibao kabla ya kukata vipande. Mfupa mbichi ni laini na hujipinda, tofauti na ule wa mapanki yaliyokaangwa au kukaushwa ambao huvunjika na kuacha ncha kali. Lakini kwa mbwa anayekula kwa pupa kama wangu, sikutaka kuutegemea ulaini huo peke yake.

Mama anayeniuzia sato Mwaloni, nilipomwambia kwamba ni wa mbwa na kwamba hawatapikwa, aliweka kisu chini. "Mwanangu," alisema, "mbwa akizoea kitu kibichi anakuwa mkali. Na wewe una watoto." Nilimshukuru na sikubishana naye, kwa sababu imani hiyo nimeikuta tangu utotoni na kwa sababu watoto kweli ninao. Nilichofanya ni kumchunguza Simba kwa karibu, na tabia yake kwa watu haikubadilika hata kidogo. Hata hivyo, siku ya kwanza aliunguruma mwanangu mdogo alipopita karibu na sufuria lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa ugali. Tangu hapo hula samaki nyuma ya jiko, mlango ukiwa umefungwa, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kwenda huko mpaka amalize.

Siku hiyo ya kwanza nilimpa kipande cha sato chenye ukubwa wa kidole gumba, yapata gramu 20, kikiwa kimeyeyuka barafu lakini bado kina ubaridi. Alikinusa, akakitwaa kwa meno ya mbele, akakidondosha, akakizunguka. Kisha akalala chini na kukisugulia bega lake kana kwamba ni manukato, akainuka, akakibeba mpaka chini ya mpapai, na huko ndiko alikokitafuna. Nilisubiri siku tatu nikitazama kinyesi, ngozi na hamu yake ya kula, na nilipoona hakuna kilichobadilika, nikampa gramu 40, nikasubiri tena, kisha gramu 60.

Kosa langu lilikuja katika wiki ya tatu. Kwa kuona anapenda na hadhuriki, niliruka kutoka gramu 60 mpaka gramu 250 za sangara kwa mlo mmoja, na sangara ni samaki mwenye mafuta mengi. Usiku huo Simba alitapika mara moja, na kwa siku mbili zilizofuata aliharisha choo chepesi cha rangi ya udongo. Nilisimamisha samaki kabisa, nikampa wali uliochemshwa sana na nyama ya kuku isiyo na ngozi kidogo kidogo, na nikahakikisha anakunywa maji. Daktari aliniambia kwamba kama angeendelea kutapika, kama choo kingekuwa na damu, au kama angelegea, ningepaswa kumpeleka bila kusubiri kupambazuke. Siku ya tatu alipona, nami nikaanza upya kwa gramu 20 kana kwamba hakuwahi kuonja.

Ilinichukua wiki tisa kufika nilipo sasa, yaani gramu 200 Jumatano na gramu 200 Jumamosi, siku moja sato na siku nyingine sangara. Kwa mbwa anayekula yapata gramu 600 kwa siku, hiyo ni takriban sehemu moja ya kumi ya chakula chote cha wiki, na sina nia ya kuipita. Siku zilizobaki hula dona, mchicha, maini kidogo na dagaa waliopikwa. Kila baada ya miezi mitatu hupewa dawa ya minyoo ambayo ndani yake mna prazikwanteli, dawa ambayo watu wa kandokando ya ziwa tunaifahamu kwa kutibu kichocho. Kipimo chake hupangwa na daktari kwa uzito wa mbwa, wala si vidonge vya mtoto vilivyobaki nyumbani.

Kuna jambo ambalo baridi haliwezi kulifanya, nalo ni kuua bakteria wote. Kibao na mkasi wa samaki wa Simba havitumiki kwa chakula chetu, sufuria lake huoshwa kwa maji ya moto na sabuni mara tu anapomaliza, na kisichomalizwa ndani ya dakika 20 hutupwa. Mke wangu alipokuwa mjamzito tulisitisha samaki wabichi kwa miezi yote ile, kwa kuwa mbwa hulamba mikono.

Dada yangu aliyeko Tanga alipotaka kuniiga, nilimsihi asichukue utaratibu wangu mzima mzima, maana bahari ina mambo yake. Bunju asimguse kabisa, kwa kuwa sumu yake haiondolewi kwa moto wala kwa barafu. Vibua na jodari waliokaa juani bila barafu hutengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, ambayo nayo haiondoki hata wakipikwa. Papa na nduaro, kwa kuwa hula samaki wengine na huishi muda mrefu, hukusanya zebaki mwilini.

Manyoya ya Simba yalianza kung'aa katika mwezi wa tatu tangu nianze kumpa samaki mbichi, unga wa mgongoni ukapungua na hatimaye ukaisha. Siwezi kuapa kwamba ni samaki mbichi peke yake, kwa sababu mapanki niliyaacha wakati huohuo na maini yakaongezeka. Jirani yangu ameniomba vipande kwa ajili ya mtoto wa mbwa wake mwenye miezi miwili. Nimempa sato yuleyule, lakini nimemchemshia kwanza na kumtoa miiba yote kwa vidole, nikamwambia tutazungumzia ubichi mbwa wake akishakua, akimaliza chanjo zake na daktari akishamkagua.