"Kama mimi"

Jibu la Baba bado linanizunguka kichwani. Nikahi ya Salma imepita salama, wageni wa Arua wamekwenda, masufuria ya jirani yamerudi kwao, na mimi bado niko kwenye yale maneno mawili.

Tulikuwa barazani hapa Bombo, Uganda, umeme umekatika. Nikamwonyesha Msalaba wa Kusini, nikamwambia juu yake kidogo, kwenye kundi la nyota la Kantarusi, kuna nyota isiyoonekana kwa macho, umbali wa miakanuru 50 hivi: BPM 37093. Kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kufa. Uzito wake umelipita Jua kidogo, lakini umbo ni dogo kuliko Dunia, na ndani kaboni na oksijeni zimeganda zikawa fuwele. Magazeti yakaiita almasi. (Atomi zake hazikujipanga kama za almasi ya pete, lakini nani angenunua gazeti?)

"Sasa inafanya kazi gani?"

"Haina kazi tena, Baba. Fueli imekwisha. Inapoa tu."

"Kama mimi," akasema, akaomba chai.

Hakusema kwa huzuni, na hilo ndilo linaloniudhi. Alisema kama mtu anayetaja saa. Tangu arudishe sare hatujawahi kumsikia akilalamika. Nimetunga majibu usiku kucha: La, Baba, wewe bado una nguvu. La, Baba, sisi tunakuhitaji. Yote yananuka huruma, na Baba ananusa huruma tangu getini.

Halafu leo, nasahihisha karatasi za S.3 (kidato cha tatu), nikafika kwenye swali la joto fiche. Kimiminika kikiganda hutoa joto! Mwanasayansi Van Horn alitabiri mwaka 1968 kwamba vibete vikiganda vitalitoa, na kupoa kwao kutachelewa. Mwaka 2019 mwanaastronomia Tremblay na wenzake wakapitia vibete kama 15,000 vilivyopimwa na chombo cha angani cha Gaia, wakavikuta vimerundikana kwenye rangi na mng'ao fulani, foleni kabisa. Vingine huenda vikachelewa hata miaka bilioni 2.

Nikatoka na kalamu nyekundu mkononi. "Baba, ile nyota ikiganda inatoa joto!"

Akafikiri. "Na bado haina kazi?"

"Bado."

"Afadhali. Hapa wangeikalisha na wazee wa mahari tangu alfajiri."

Tukacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.