Asilimia 3 ya ajira imekwama kwenye fomu ya mtandaoni

Kila ikikaribia tarehe 3 Desemba, siku yetu watu wenye ulemavu, kwenye hotuba lazima uisikie ile asilimia 3. Ni kweli ipo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, namba 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 kwamba asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Naipenda hiyo sheria na nitaitetea popote. Ila siku hizi kazi haiombwi tena kwa bahasha ya kaki unayoiacha mapokezi, inaombwa mtandaoni, na fomu nyingi za mtandaoni mimi nisiyeona sifiki nazo mwisho. Sasa hao asilimia 3 watapatikana wapi jamani, kama hata maombi yetu hayafiki?

Ngoja nieleze kwanza maana wengi hapa Tanga huniuliza simu naitumiaje. Simu ina programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na kwenye kompyuta mi natumia NVDA ambayo ni bure kabisa, waliianzisha vijana wawili wa Australia mwaka 2006 na wote wawili hawaoni. Unapitisha kidole inakutajia, ukigonga mara mbili inafungua. Luku nanunua mwenyewe, hela natuma mwenyewe, magazeti nasoma, kuchati ndo usiseme. Kwahiyo kutokuona kwangu sio kinachonizuia kuomba kazi, kinachonizuia ni jinsi ukurasa ulivyotengenezwa.

Juzi kati kuna ofisi moja ilitangaza kazi ambayo sifa zake ninazo. Tangazo lenyewe ni PDF, nikalifungua, NVDA ikaniambia dokumenti tupu. Sio tupu, ni kwamba mtu ameandika barua vizuri kwenye kompyuta, akaiprinti, bosi akasaini, ukagongwa muhuri, wakaiskani, wakaipandisha mtandaoni. Muhuri upo, saini ipo, ila kwa mashine inayosoma hakuna hata herufi moja, maana ile ni picha. Na ile barua ya mwanzo yenye maandishi ipo kwenye kompyuta ya huyohuyo karani! Wangeiweka na hiyo pembeni ya ile yenye muhuri basi tungeshamalizana. Nikasomewa tangazo na mtoto wa dada yangu.

Tukaingia kwenye fomu. Kiboksi cha kwanza, "edit blanki". Cha pili, "edit blanki". Cha tatu hivyohivyo mpaka chini, yaani vile viboksi juu yake kuna maandishi ya jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu, anayeona anayaona, lakini ndani ya msimbo wa ukurasa (code) hayajaunganishwa na kiboksi chake, kwahiyo mashine haijui kipi ni cha nini na mimi sijui naandika jina la baba au namba ya NIDA. Tarehe ya kuzaliwa hairuhusu kuandika, lazima uchague kwenye kakalenda kanakofunguka kwa mausi tu. Ukikosea, kiboksi kinazungushiwa rangi nyekundu, hakuna neno hata moja linalosema kosa ni lipi, na mimi rangi nyekundu naijuaje? Halafu Kiswahili chote kinasomwa kwa lafudhi ya Kiingereza, unasikia vitu havieleweki, kwa sababu aliyetengeneza alichukua templeti ya nje na hakubadilisha ile sehemu inayotaja lugha ya ukurasa, ni herufi mbili tu, en iwe sw. Mwisho kabisa, thibitisha wewe sio roboti, chagua picha zote zenye basi.

Fomu akanijazia yule mtoto. Ana miaka 14, ni mtoto mwema na hajawahi kulalamika, ila mimi mtu mzima kwa nini mtoto ajue paswedi yangu, namba yangu ya NIDA, alama zangu za kidato cha nne na mshahara ninaouomba? Hapa ndo panaponiuma kuliko pote. Watu wanasema "si upate tu mtu akusaidie", kana kwamba siri zetu sisi hazina thamani. Na asiye na mtu wa kumjazia je?

Na sio sisi tu. Watu wenye ualbino wengi uoni wao ni hafifu, mtu anasogeza simu mpaka puani, anataka kuvuta maandishi yawe makubwa, ukurasa umezuiwa hauvutiki, na maandishi yenyewe ni kijivu juu ya nyeupe eti ndo mtindo. Kiziwi naye anawekewa video ya maelekezo haina maandishi chini.

Kisheria tuko wapi? Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inazungumzia ufikivu, yaani sisi kuweza kuvifikia na kuvitumia vitu kama wengine, na inaitaja intaneti kabisa, sio majengo na barabara peke yake, na ibara ya 27 ni haki ya kufanya kazi. Sheria yetu ya 2010 yenyewe haishuki mpaka kwenye majina ya viboksi vya fomu. Vigezo vya kiufundi vya kufanya tovuti zifikike kwa watu wenye ulemavu vipo duniani, vinaitwa WCAG, vilitoka mara ya kwanza 1999 na toleo la 2.2 lilitoka 2023. Mi ningependa kanuni zetu zivitaje kwa jina, ofisi iulizwe, tovuti yenu imefuata au haijafuata.

Maana wenzetu walifika mpaka kwenye tume na mahakamani. Australia kulikuwa na Bruce Maguire, haoni, alitaka kusoma tovuti ya Olimpiki ya Sydney ya 2000. Aliomba picha ziwekewe maelezo na ratiba na matokeo ya michezo yafikike. Waandaaji wakasema kazi hiyo ingechukua zaidi ya mwaka na mamilioni ya dola. Wataalamu wakasema hapana, ni kazi ya wiki chache tu. Tume ya haki za binadamu ikampa haki Maguire, na kwa vile waandaaji hawakutimiza walichoamriwa wakalipa dola 20,000 za Australia. Marekani Guillermo Robles, naye haoni, aliishitaki kampuni ya pitsa ya Domino's kwa sababu hakuweza kuagiza pitsa kwa tovuti wala apu yao, 2019 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya walemavu ya 1990 inahusu na tovuti ya duka, kampuni ikaenda Mahakama ya Juu ya nchi, mahakama ikakataa kuisikiliza. Sheria ya 1990, kipindi hicho nani alikuwa anaagiza pitsa kwenye intaneti! Ndo maana sikubaliani na wanaosema tusubiri sheria mpya ndo tuanze kudai.

Nilimpigia kijana mmoja wa Ngamiani anayetengeneza tovuti, amezitengeneza za shule na maduka kadhaa hapa mjini. Akaniuliza kwa heshima tu, "Dada, kwani wasioona wanaoingia humu ni wangapi?" Nikamwambia mdogo wangu, mkoa wetu huuhuu una Irente kule Lushoto, watoto wasioona wanasoma pale miaka na miaka, wakimaliza nao wanatafuta kazi, nao wana simu. Halafu nikamwambia washa TalkBack, shika batani mbili za sauti kwa pamoja mpaka iongee, funga macho, jaza fomu yako mwenyewe.

Alikaa kimya kidogo, nikawa nasikia simu yake nyingine inaongea, edit blanki, edit blanki. Akasema "duh".

Jioni akanitumia linki. Viboksi vyote vimepata majina, lugha amebadilisha, kosa sasa linaandikwa kwa maneno, "namba ya simu haijakamilika", na simu inanipeleka palepale penye kosa. Nimeijaza mwenyewe mpaka batani ya kutuma. Kakalenda bado, anasema atakatoa kabisa aweke viboksi vitatu vya siku, mwezi na mwaka, nikamwambia hivyo ndo vizuri, hata bibi yako anayeona vizuri atakushukuru.

Ile ofisi nayo nimeiandikia. Nimewawekea ile namba 9 ya 2010, nimewawekea na orodha ya viboksi vyao, na nimewaomba kitu kimoja cha haraka wakati wanarekebisha mengine, kwenye tangazo lijalo waweke na barua ya maandishi, sio ile ya kuskani peke yake.